Ombi la Kitufe cha Hapana

Kwa: Wasanifu Wakuu wa Madirisha, Menyu na Vitufe,
Ng'ambo.

K.K.: Mtendaji wa Mtaa (aliniuliza nyinyi mnakaa kata gani, nilipokosa jibu akarudisha muhuri kwenye droo).

YAH: OMBI LA KITUFE CHA "HAPANA" KATIKA MIFUMO ENDESHI YA KOMPYUTA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwenye stesheneri ndogo Dar es Salaam, jirani na kituo cha daladala. Nina kompyuta mbili, printa, mashine ya kutolea kopi na binti mmoja anayenisaidia. Tunachapa CV, barua za kuomba kazi, kadi za michango ya harusi, ratiba za mazishi, na mikataba ya kupanga nyumba ambayo hakuna anayeisoma mpaka siku ya ugomvi. Kwenu nyinyi najulikana kwa jina la Mtumiaji. Sijui nilibatizwa lini. Kompyuta zenyewe nilinunua kwa hela ya mchezo, na zamu yangu ilikuwa ya kumi na moja kati ya watu kumi na wawili, kwa hiyo nilidhani walau ningeitwa Mwenye Mali.

Sitamtaja aliyetengeneza mfumo ulionifikisha kwenye barua hii. Wakili wangu ni shemeji yangu, na bado yuko mwaka wa pili chuoni. Kila mmoja wenu ajipime mwenyewe.

Ijumaa moja, saa nane kasorobo mchana, aliingia kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono imesimama mistari. Mkononi ana flashi, na ndani ya flashi ana barua ya kuomba kazi pamoja na CV, jumla kurasa tatu. Mwisho wa kupokea ni saa tisa na nusu, kwa mkono, mjini. Muda ulikuwa unatosha na wa kunywea soda ukabaki. Nikachomeka flashi. Kabla sijafungua chochote, likachomoza dirisha katikati ya kioo kunijulisha kwamba masasisho muhimu yako tayari. Chini yake vitufe viwili: "Anzisha upya sasa" na "Nikumbushe baadaye".

Nikabonyeza baadaye, kama nilivyokuwa nikibonyeza kwa wiki tatu. Kumbe baadaye nayo ina mwisho wake, na mwisho wenyewe ulikuwa Ijumaa hiyo. Kioo kikawa cheusi, vikatokea vitone vinavyofukuzana kwa duara, na maneno: inasasisha, asilimia 5, usizime kompyuta yako.

Hilo "yako" ndilo lililoniuma.

Kompyuta ya pili ilikuwa kwa fundi, kwa sababu ya masasisho ya mwezi uliopita. Tukakaa, mimi, binti na kijana, tunatazama namba. Asilimia 12. Asilimia 30. Asilimia 30 ikakaa dakika kumi na nne. Mara mbili kijana alinyoosha mkono achomoe flashi yake akajaribu duka la upande wa pili wa barabara; mara mbili namba ikaruka mbele, akarudisha mkono. Ni kama konda anayekuambia gari linaondoka sasa hivi, huku dereva yuko kwa mama ntilie anasubiri maharage. Ukishuka litaondoka, usiposhuka halitaondoka. "Bosi, bado?" akauliza. "Bado kidogo," nikajibu, nikajisikia nimeanza kuongea kama mashine. Nilimwomba Mungu umeme usikatike. Baada ya muda nikamwomba ukatike.

Waheshimiwa, sisi watu wa huku tunaujua mchezo wa baadaye kuliko nyinyi. Fundi cherehani akikwambia "njoo kesho", unajua suti yako bado ni kitambaa. Unayemdai akisema "nitakucheki", unajua hatakucheki. Hatupendi kumtolea mtu hapana ya uso kwa uso, na tuna sababu zetu: kesho tutakutana naye msibani, tutakaa mkeka mmoja, tutachangia jamvi na chai. Hapana ya leo itatukaa kooni siku hiyo. Lakini nyinyi na mimi tutakutana msiba gani? Mmechukua uswahili wetu wote mkauacha undugu. Dirisha lenu linaniuliza kama nataka kuhifadhi mafaili yangu kwenye wingu: "Ndiyo" au "Siyo sasa". Linaniuliza kama nataka kivinjari chenu kiwe cha kwanza: "Ndiyo" au "Labda baadaye". Nimesema siyo sasa kwa miaka minne. Mchumba aliyeambiwa siyo sasa kwa miaka minne angeshaoa kwingine.

Halafu kuna ndugu yake Hapana, anayeitwa Sawa. Mwezi wa tatu mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuja kumalizia ripoti yake, kurasa sita, amezichapa mwenyewe kwa vidole viwili. Programu ikaganda, kisha likaja dirisha dogo: hitilafu isiyojulikana imetokea. Chini yake kitufe kimoja tu, "Sawa". Sawa nini? Huku kwetu mtu akikuletea habari ya kufiwa, hakuna anayejibu sawa. Tunasema pole, tunauliza lini, wapi, alikuwa anaumwa nini. Mwalimu alilitazama dirisha muda mrefu, akaniuliza kama kuna kitufe kingine. Hakikuwepo. Akalazimika kutia kidole chake mwenyewe kukubali kwamba kurasa sita zimekwenda, na kwamba ni sawa.

Sisemi haya kwa kutojua mnakotoka. Mwaka 1973, huko Palo Alto, California, watafiti wa Xerox walitengeneza kompyuta iliyoitwa Alto, yenye kipanya na madirisha juu ya kioo. Mwaka 1981 kampuni hiyo hiyo ikaleta sokoni Star, ambayo ilichora ofisi nzima ya Kimarekani: meza, folda, kabati la mafaili, kikapu cha barua. Mwaka 1984 ikaja Macintosh, ikaipeleka picha hiyo kwa watu wa kawaida, pamoja na pipa la taka ambalo ndilo pia lililotumika kutolea diski. Yaani ukitaka kumrudishia mteja diski yenye kazi yake ya mwezi mzima, unaiburuta unaitupa jalalani, na mashine inakutemea ikiwa salama. Aliyebuni hilo alikuwa na roho ngumu. Habari ya kubonyeza "Start" ili kuzima Windows nairuka; imechekwa tangu 1995, hata wanaoicheka wameshastaafu.

Wazo la ofisi halikuwa baya. Baba yangu mdogo alikuwa mtunza masijala wilayani. Kila jalada lilikuwa na namba, kila barua ndani yake ina folio, na anayelichukua anasaini kwenye daftari kwamba limeenda kwa nani. Ukimwomba barua ya miaka kumi nyuma, alikuwa anainuka kabla hujamaliza sentensi. Nyinyi mmechora kabati, mkachora folda hadi ule mdomo wake wa kuandikia jina, mkamwacha nje mtunza masijala. Leo nikihifadhi barua ya mteja, mashine yenyewe inaamua kama itakaa kwenye nyaraka, kwenye vilivyopakuliwa, au huko kwenye wingu, na wingu halifunguki bila bando. Mteja akirudi baada ya siku tatu kubadilisha tarehe, tunaanza kuzunguka kama watu waliopoteza mbuzi.

Picha zenyewe nazo zina mambo. Binti anayenisaidia alizaliwa wakati diski za mraba zinazikwa. Siku yake ya kwanza kazini nilimwambia ahifadhi, akaniuliza kama abonyeze "hako ka-TV". Nikamweleza kwamba si TV, ni diski ya zamani, tulikuwa tunaingiza hapa mbele, ilibeba megabaiti moja na kitu. Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo tunahifadhi kwenye kitu ambacho hakipo?" Nikamtuma akanunue karatasi.

Naomba mnivumilie kwenye hili la majina ya mafaili, maana hapa ndipo ninapokula hasara kila wiki. Mei 2000 kilisambaa kirusi kutoka Ufilipino kwa njia ya baruapepe, kikiwa kimebebwa na faili lililoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Herufi tatu za mwisho ndizo zilizosema ukweli, kwamba hii ni programu inayojiendesha. Lakini Windows ilikuwa imepangwa tangu kiwandani ifiche kipande hicho cha mwisho, ili mtumiaji asichanganyikiwe. Watu wakaona TXT, maandishi matupu, barua ya mapenzi, nani asiyeifungua? Mamilioni ya kompyuta yakaingiliwa ndani ya siku chache. Robo karne imepita, na Windows 11 ukiitoa kwenye boksi bado inakificha kipande kile kile.

Sasa njooni dukani kwangu. Mteja anachomeka flashi, anaziona folda zake zote tano, majina yake, picha ile ile ya njano. Anabonyeza moja, hakuna kitu. Anabonyeza tena. Kumbe folda za kweli zimefichwa, na hizo anazoziona ni vinyago vilivyovaa ngozi ya folda, na kila anapobonyeza anamkaribisha mgeni kwenye mashine yangu. Mteja anashika kichwa: "Faili zangu zimeliwa!" Hazijaliwa, ziko humo humo. Ila ili nimwoneshe, inabidi nipite vitone vitatu, niingie chaguo, nihamie kichupo cha pili, nishuke chini, niweke tiki mahali na kuondoa tiki mahali pengine, kisha nikubali onyo kwamba ninachofanya ni hatari. Hatari ni mimi kuona kilichomo kwenye nyumba yangu. Binti siku hizi anafanya hayo yote macho yakiwa kwenye simu, na wateja wanamwita mtaalamu. Namwongezea elfu mbili kwa wiki kwa sababu ya nyinyi.

Mtasema Kiswahili mmetuletea. Kweli, na wa kwanza kukihangaikia walikuwa watu wa hapa: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, na baadaye Microsoft ikatoa Kiswahili kwa ajili ya Windows XP. Nawapa heshima yao. Mimi mwenyewe nimewahi kuigeuza kompyuta yangu moja iwe ya Kiswahili, na nikagundua kwamba Kiswahili chenyewe kinaishia sebuleni. Mlangoni unakaribishwa vizuri, menyu zinasalimia, kuna kitufe kimeandikwa "Nyumbani" (mzee mmoja aliniuliza, nyumbani kwa nani?). Ukisogea chumba cha pili lugha inachanganyika. Ukifika huko ndani kabisa, ambako mtu anaweza kufuta diski nzima kwa kubonyeza vibaya, ni Kiingereza kitupu, tena cha mahakamani. Yaani salamu mmetafsiri, vitisho mmeacha.

Na hapo nikishayazoea hayo yote, mnahamisha. Mwaka 2012 Windows 8 ilikiondoa kile kitufe cha Start pembeni, dunia nzima ikapiga kelele, mwaka uliofuata kikarudi. Niliwashangaa waliokasirika, mpaka mlipohamisha changu. Mimi si mtu wa kukataa mapya. Printa yangu inachapa bila waya na naifurahia. Ila mkono wangu unajua vitu vilipo kama unavyojua swichi ya taa usiku.

Kwa hiyo ombi langu, waheshimiwa, ni dogo. Sihitaji kona za madirisha kuwa za mviringo, wala picha mpya ya mlima kila asubuhi. Naomba kitufe kimoja kilichoandikwa Hapana, kikae pembeni ya Ndiyo, kiwe na ukubwa ule ule na rangi ile ile, na nikikibonyeza mkumbuke. Pale mtakapokuwa mmeharibu kitu, ile Sawa iondoeni muweke Pole. Hii ya pili haihitaji hata mhandisi.

Ile Ijumaa, mashine ilizinduka saa tisa na dakika kumi na nane. Kabla ya kunipa kioo changu ikanionesha rangi kadhaa za kupendeza, ikanisalimia, ikaniambia nisiwe na wasiwasi, mafaili yote yako pale pale nilipoyaacha. Ilikuwa kweli. Barua ya kijana ilikuwa pale pale kwenye flashi. Nikamchapia kurasa zake tatu, zikatoka safi, za moto. Kutoka hapa mpaka mjini, Ijumaa mchana, hata kwa bodaboda, ni zaidi ya nusu saa. Alizisoma zote akiwa amesimama, akazipanga vizuri, akazikunja mara moja katikati. Nilikataa hela yake. Akaiacha juu ya printa, shilingi 600, akatoka.

Wenu mtiifu,
Mtumiaji.

Nakala kwa:
Fundi (pamoja na kompyuta ya pili, tafadhali).
Mwalimu Mkuu, kwa taarifa na kwa pole.
Kijana wa shati jeupe: flashi yako uliisahau, ninayo.