Kijiko cha Uji Kilichomaliza Maji ya Nyumba

Yakhe, ukitaka kujua nyumba yako ina wakubwa wangapi, sema tu kwamba kesho inasafishwa. Kwangu hapa Fundo agizo hilo moja hugawika njiani. Mke wangu akilisikia anafahamu ufagio: vyumba, ukumbi, kisha uwanja upitwe na fagio la chelewa mpaka mistari yake ionekane mchangani. Dada yangu anafahamu deki. Mama mkwe anafahamu twahara. Watoto wanafahamu kwamba viatu, madaftari na mpira wa matambara visukumwe chini ya kitanda cha baba. Mimi hukabidhiwa madumu.

Na madumu ndiyo roho ya maneno yote. Kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe lililolala magharibi ya Pemba, ng'ambo ya bandari ya Wete. Kisima cha uwani kwangu kina maji, lakini yana chumvi na chokaa. Sabuni ya mche utaisugua mpaka kiganja kiume, povu halitoki, unabaki utando mweupe kwenye beseni. Maji matamu huja kwa madumu, au huteremka juu ya bati mvua ikinyesha. Kwa hiyo kila anayeshika tambara nyumbani mwangu anashika pia bajeti ya maji, na hapo ndipo ugomvi wetu wote unapozaliwa. Nawe mwenye mke, mkwe na dada chini ya paa moja, najua unanifahamu.

Basi ikaja habari ya posa. Binti yangu mkubwa, tunayemwita Bi Kimya kwa kuwa hasemi mpaka jambo limeshaharibika, alikuwa anatakiwa na kijana wa upande wa Wete. Wazee wake walituma salamu kwamba wangekuja na mashua, maji yakijaa alasiri. Ilikuwa vuli, na siku yenyewe ya bamvua.

Hapo lazima nikueleze mke wangu. Watoto wanamwita Nahodha, maana ndani ya nyumba hii hakuna saa. Yuko yeye na maji kupwa na maji kujaa. Ana shamba la mwani. Kilimo hicho cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, kikavuka kuja Pemba, na mpaka leo wanawake ndio wengi ndani yake. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari ya kwetu hupanda na kushuka kwa kimo cha karibu mita 4. Ikifika mnamo saa nne asubuhi maji yamekwenda mbali, na vigingi vya Nahodha vimesimama wazi vinamngoja. Nilipomkumbusha wageni, alijifunga kanga ya pili kiunoni akasema, "Wifi yupo, mama yupo, wewe upo. Mwani wangu hauna mtu." Akaweka dirishani kipande cha sabuni ya mwani, ile ambayo akina mama Zanzibar wamejifunza kuipika wenyewe, akaondoka.

Dada yangu alikuwa akiisubiri nafasi hiyo. Huyu ndiye Bi Deki. Alifanya kazi hotelini Nungwi, kisha akaishi Wete kwenye nyumba ya marumaru, na tangu hapo hajawahi kuiona sakafu akaiamini. Deki yake ina mapigo matatu: la sabuni, la maji matupu na la kukausha. Neno lenyewe tumelirithi kwa mabaharia waliokuwa wakikosha sitaha za meli, na yeye hulitumikia vilivyo. Akishalowesha tambara, sote hupandishwa vitandani kama abiria, na anayeshusha mguu huitwa kwa jina la ukoo mzima. Saruji yangu, ambayo kwa miaka imekuwa na rangi ya vumbi, siku hiyo iling'aa hata nikaziona nyufa zake. Pipa la maji matamu nalo likang'aa, kwa ndani.

Ukumbini ulitandikwa mkeka wa wageni. Ni mkeka wa ukindu wa rangi, ameusuka mama mkwe mwenyewe kwa ajili ya mjukuu wake. Juu ya mkeka huo Bi Kimya alimlaza mdogo wake wa mwisho, mtoto wa kiume anayekaribia mwaka mmoja, ambaye jina lake la nyumbani ni Masika. Sababu ya jina hilo ilidhihirika papo hapo.

Mama mkwe tunamwita Kadhi, na anastahili. Mwaka 1978, kipindupindu kilipoingia Zanzibar, yeye alikuwa mwari. Tangu hapo mtu haonji kitu mkononi mwake kabla hajanawa, na maji ya kunywa hayapiti kooni kwake mpaka yachemke. Aliyoyasoma chuoni nayo ameyashika neno kwa neno. Akauinamia mkeka, akatoa hukumu kwa utulivu: mtoto wa kiume asiyetimiza miaka 2, ambaye chakula chake ni maziwa ya mama tu, katika madhehebu ya Imamu Shafii mkojo wake ni najisi khafifu. Hunyunyiziwa maji yakaenea mahali pale, basi. Angekuwa wa kike angeoshewa. Kata moja ingetosha, nami nilikuwa nayo mkononi.

Ndipo Mjomba Vijiko alipokohoa barazani. Mjomba huyu hupita kila nyumba ya ukoo wakati chungu kiko motoni, na hali peke yake. Alipo lazima amgawie mtoto.

"Mimi asubuhi nilimwonjesha uji," akasema.

"Ulimwonjesha au ulimlisha?" akauliza Kadhi.

"Kijiko."

"Kimoja?"

Mjomba akatazama bahari. "Cha kwanza kilikuwa kimoja. Na tokea juzi, mama, anaupenda."

Kesi ikageuka. Aliyekwisha kulishwa huoshewa: maji yatiririke mpaka rangi na harufu viondoke. Nikainama ndani ya pipa nikakuta ukoga na tumbawe dogo alilotumbukiza mwanangu Kusi, mvulana aingiaye kila chumba kwa upepo. Palibaki ndoo moja ya dada yangu, imejaa maji ya sabuni. Kadhi akaikataa: maji yaliyogeuzwa na sabuni hayatwaharishi. Bi Deki akasimama na tambara lake, machozi yanamlenga. "Mama, nimesugua tangu alfajiri. Sabuni ikiwa haisafishi, kitasafisha nini?"

"Inasafisha, mwanangu," Kadhi akamjibu kwa upole. "Umesafisha vizuri sana. Lakini wageni Magharibi itawakuta hapa, na watasali juu ya mkeka huu."

Yakhe, nilisimama kati yao na sikumwona mkosa. Nguo inaweza kuwa nyeupe pe na isifae kwa sala. Inaweza kuwa na doa la manjano lisilotoka na ikawa twahara. Dada yangu anamtengenezea mgeni macho yake, mkwe wangu anamlindia ibada yake. Wote wawili wanampenda binti yangu, na wote wanataka maji.

Kadhi ndiye aliyepata njia: bahari. Maji yake ni twahara na yanatwaharisha, hayana dumu wala foleni. Bi Deki akalia kwamba chumvi itavuta unyevu na ukindu utanata, hakusikilizwa. Tabu ilikuwa kwamba bahari yenyewe wakati huo ilikuwa ugenini. Tukaukunja mkeka, mimi mbele Kusi nyuma, tukapita matope, tukapita majani ya bahari, naye Kusi njia nzima anawatangazia akina mama wa mwani, "Masika kala uji! Masika kala uji!" Fundo yote ikajua.

Tukauzamisha, tukauinua, ukatiririka. Kumbe Nahodha ametuona. Akaja maji yakimfika magotini, akatazama mkeka, akatazama mavuno yake, akatazama wingu lililoanza kusimama. "Magunia yamenipungukia," akasema. "Na huu madhali umeshalowa." Hakunipa nafasi ya kujibu. Mkeka wa posa ukarudi nyumbani umebeba mwani mbichi.

Mvua haikungoja alasiri ifike. Mwani mkavu uliokuwa uwanjani ukinyeshewa hupoteza thamani, kwa hiyo ulikimbizwa ndani, mafungu kwa mafungu, juu ya deki ya mapigo matatu. Bi Deki alikaa kitandani akajifunika kanga usoni. Kuku nao waliingia. Katika hali hiyo ndipo mashua ya wageni ilipofika, imesukumwa na upepo kabla ya saa yake.

Mama wa kijana alisimama kizingitini, ametota. Akaona mwani umejaa ukumbi. "Huu utavunda mkiulundika hivi," akasema, akapandisha kanga yake. Naye ni mkulima wa mwani. Alipokwisha kuutandaza na Nahodha kando ya kuta, bati lilikuwa limejaza pipa, ndoo, masufuria na mtumbwi wa jirani. Kadhi akapata maji ya mkeka mara tatu. Bi Deki akafunua uso, akaomba tambara. Bi Kimya alipoulizwa kama ameridhia, alinyamaza, na kwa mwari huo ni ukubali.

Toka siku hiyo nasema kwa yeyote anayetaka kusikia: nyumba zetu za visiwani zisihesabiwe uvivu wala uchafu mpaka kwanza zihesabiwe maji. Mwanamke anayefagia, anayedeki, anayetwaharisha na anayevuna mwani unaonunua sabuni hapungukiwi na bidii. Anapungukiwa na tangi. Fedha ya mahari ni ya binti, siigusi. Ya tangi na mifereji ya bati nimeshaanza kuitafuta mwenyewe.

Sasa tunatafuta siku ya ndoa. Nahodha anataka maji mafu, asikose bamvua. Kadhi anataka mvua. Bi Deki anataka jua na upepo mkavu, sakafu ishike. Mjomba Vijiko anauliza tu kama patakuwa na uji. Mimi nimeshaambiwa nikakope madumu kwa jirani, nami nimeshakwenda.