Mgeni Kutoka Bologna

Zamani mtu wa Muscat aliyetaka kufilisika kwa heshima alifuga ngamia wa mbio. Alimlisha tende na asali, akamnywesha maziwa, akamvisha joho, na siku ya mashindano ngamia akatokea wa kumi na nane. Lakini ngamia angalau huzaa. Siku hizi vijana wetu wamepata njia ya mkato: wananunua pikipiki ya Kitaliano.

Nikisema vijana wetu namkusudia mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa mama yake husoma safu hii na hadi leo hajaambiwa bei. Yeye anakaa fleti Al Khuwair, pahala ambapo kupata nafasi ya kuegesha ni bahati ya mtende. Mimi nina nyumba Al Mawaleh, na nyumba ina banda la gari lenye kivuli na plagi ya umeme. Basi mmeshafahamu Ducati Panigale V4 nyekundu inalala wapi. Gari langu linalala nje, juani, na usukani wake mchana haushikiki bila ya kitambaa.

"Mjomba, hii haina usumbufu," aliniambia siku aliyoileta. Ililetwa juu ya gari la kubebea magari. Pikipiki mpya, iliyotengenezwa kwa ajili ya kwenda mbio, imefika kwangu imebebwa. Hapo ningepaswa kuambiwa tu, khalas, kwamba ni mgonjwa.

Bei kwanza, tuimalize. Ilipotoka mwaka 2018, ile aina ya S iliuzwa Marekani kwa dola 27,495. Kwa kuwa riyali yetu imefungwa kwenye dola, hesabu haina fumbo: ni zaidi ya riyali 10,500, kabla ya ushuru wa forodha wa asilimia 5 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 iliyotuingilia Aprili 2021. Na hiyo ndiyo ya wastani. Mwaka 2020 walitoa Superleggera, 500 tu dunia nzima, kwa dola 100,000. Mpwa wangu huitaja hiyo ili yake ionekane ya mtu mwenye kujinyima.

Ukimbana zaidi hukimbilia kwenye petroli. Ati lita ya super hapa Oman ni baisa 239, kwa hiyo uendeshaji ni nafuu. Kweli. Petroli ndiyo kitu cha rahisi pekee kinachoingia mle ndani.

Nisiwe mkaidi: ni nzuri. Sijui kama kuna mwanaadamu anayeweza kuipita bila ya kugeuka. Hawa Ducati walianza Bologna mwaka 1926 wakitengeneza vifaa vya redio, na baada ya vita, mwaka 1946, wakatoa kijiinjini cha kufunga kwenye baiskeli. Laiti wangebaki hapo hapo. Lakini mwaka 1994 wakaja na 916, iliyochorwa na Massimo Tamburini, na tangu siku hiyo pikipiki zote za mbio zimekuwa zikijaribu kufanana nayo. Eksozi mbili chini ya kiti, uso mwembamba wenye taa mbili zinazokutazama kwa dharau, na gurudumu la nyuma limeshikwa upande mmoja tu, upande wa pili liko wazi kama vile halina haja ya msaada wa mtu.

Mpwa wangu alinionyesha gurudumu la yake kwa sauti ya chini, kama tuko msikitini. "Mjomba, angalia. Mkono mmoja tu."

Nikamwambia, mwanangu, Vespa ya babu yako pale Kikwajuni, Unguja, magurudumu yake yote mawili yalishikwa upande mmoja. Vespa imekuwa hivyo tangu 1946, kwa sababu Corradino D'Ascanio aliyeibuni alikuwa mhandisi wa ndege, akataka mtu akipata pancha abadilishe gurudumu upesi aende zake. Na ile Vespa ilimbeba baba, ikambeba mama kakaa upande na buibui lake, ndugu yangu kasimama mbele, na fenesi miguuni. Ikizima, fundi aliifuta plagi kwa upindo wa shati, ikawaka. Nayo ni ya Kitaliano pia! Hata hiyo Aprilia ambayo rafiki zake wanaililia, tangu 2004 imo mikononi mwa Piaggio, wenye Vespa. Lakini mwambie kijana kwamba ndoto yake ina undugu na Vespa ya Unguja, atakununia wiki nzima.

Sasa tuje kwenye valvu, maana humo ndimo pesa zinamozama.

Katika injini ya kiungwana, kama ile ya Toyota yangu inayoungua nje, valvu inasukumwa kufunguka, kisha springi inairudisha. Springi ni waya uliozungushwa. Haidai mshahara. Lakini miaka ya hamsini springi za pikipiki za mashindano zilikuwa zikishindwa kwenda sambamba na injini ikishazunguka kwa kasi sana, na mhandisi wa Ducati, Fabio Taglioni, mwaka 1956 akaleta dawa: kila valvu iwe na mkono wa kuifungua na mkono wa pili wa kuifunga. Wenyewe wanauita mfumo wa desmo, na ukiutaja mbele ya mpwa wangu anaweka mkono kifuani. Ilikuwa akili kubwa kwa mwaka 1956. Leo springi zimekuwa nzuri, Wajapani wanazungusha injini zao mara elfu kumi na nne kwa dakika nazo wala hazikohoi, lakini Bologna mila ni mila.

Panigale V4 ina valvu 16. Kila moja ina nafasi ya kufungukia na nafasi ya kufungia, zote za kupimwa kwa vibamba vyembamba vya chuma. Piga hesabu: vipimo 32. Kila kilomita 24,000 inabidi ivuliwe maganda, litolewe tangi, kitolewe kila kilichozuia njia, afike fundi kwenye valvu, apime, na pale penye hitilafu ya unywele abadilishe kipande, apime tena. Fundi wa kazi hii hulipwa kwa saa, naye hana haraka. Karakana moja ya sanaiya, mtaa wa viwanda, nilikoisindikiza roho ya mpwa wangu kwenda kuuliza bei, jamaa alituandikia makadirio kwenye karatasi, akaikunja, akaisukuma mezani. Nilipoifunua nikadhani ni namba ya simu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kiwanda hicho hicho kinajua. Mwaka 2020 Ducati walitoa Multistrada V4 yenye springi za kawaida, na valvu zake wakasema zikaguliwe baada ya kilomita 60,000. Nikamuuliza mpwa wangu kwa nini hakununua hiyo. Akasema, "Mjomba, ile ni ya wazee."

Msidhani kilomita 24,000 ni tishio la karibu. Kwa mwendo wake huu atakayelipia desmo ni mjukuu wake. Tatizo ni kwamba pikipiki hizi hazizeeki kwa kilomita peke yake, zinazeeka kwa kalenda. Oili ni kila kilomita 12,000 au kila mwaka, kitakachotangulia, na kwake hutangulia mwaka. Mafuta ya breki nayo yana umri wake. Matairi laini ya mbio yanaisha upesi yakikimbizwa, na yakiachwa yanakauka. Betri ukiiacha bila ya kuichaji inakufa, ndiyo maana pale bandani kuna waya umechomekwa kwenye plagi yangu, kwenye mita yangu, usiku na mchana, miezi yote ya joto. Juzi aliniuliza, kwa adabu zote, kama sijawahi kufikiria kutia kiyoyozi bandani.

Na joto lenyewe mnalijua. Kuanzia Juni hadi Agosti sheria inakataza vibarua kufanya kazi juani kati ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu. Pikipiki ya mpwa wangu imejitanulia sheria hiyo tangu Mei hadi mwisho wa Septemba, saa zote. Silaumu. Mnakumbuka tarehe 26 Juni 2018, pale Quriyat, ambapo kwa saa ishirini na nne joto halikushuka chini ya 42.6, likatangazwa dunia nzima? Injini ya silinda nne ukaikalia hapo, kwenye taa nyekundu, ni kujichoma kwa hiari. Waitaliano wenyewe wamelijua hilo: Panigale ikishapata moto na ikasimama, inajizimia silinda mbili za nyuma, zile zilizo chini ya mpandaji. Yaani umelipia silinda nne, na kwenye foleni unarudishiwa mbili.

Msimu unapofunguka, safari ni moja: Ijumaa, baada ya swala ya alfajiri, kundi linakusanyika kituo cha petroli, wanapita Al Amerat, wanateremka Quriyat, wanakula mkate wa rakhal na yai, wanakunywa chai, wanapiga picha, wanarudi kabla jua halijakasirika. Barabara ni nzuri, sikatai, milima huku na huku. Lakini kasi mwisho ni 120 hata kwenye barabara zetu kuu, na rada za shurta hazilali. Panigale ina gia sita. Gia ya kwanza peke yake inatosha kuipitisha 120. Nimemuuliza mara chungu nzima zile tano nyengine amezinunulia nini, hajanijibu. Nguvu za farasi 214, na pale njiani kundi zima linasimama kuwapisha mbuzi.

Gharama ambayo haimo katika kitabu chochote cha Ducati ni kahawa. Tangu pikipiki iingie kwangu, kila baada ya magharibi nina wageni. Wazee wenzangu, wote wa Unguja, wanakuja "kunijulia hali". Hawajanijulia hali hata nilipopasuliwa goti. Wanaizunguka, mikono nyuma, kisha wanakaa, na kahawa lazima itoke, na kahawa bila ya halwa ni aibu.

"Yakhe, inabeba watu wangapi hii?"

"Mmoja."

"Mmoja! Na mizigo?"

"Haibebi."

"Sasa mkewe atapanda wapi?"

Hapo mke wangu, ambaye amechukua upande wa kijana tangu siku ya kwanza, hujibu kutoka dirishani kwamba kwa bei ile hata mke hatampata. Halwa ya mwezi huu nimeinunua mara ngapi sitaki hata kuhesabu, na kila kilo naiandika kwenye daftari la mpwa wangu.

Usiniambie angechagua nyengine. Rafiki yake ana MV Agusta, ambayo kwa uzuri inaishinda hata hii, na nasaba yake ni kubwa: katika ubingwa wa dunia 15 wa Giacomo Agostini, 13 aliupata juu ya MV. Lakini fuata wenyewe wa kampuni. Mwaka 2008 Harley-Davidson waliinunua, 2010 wakairudisha kwa akina Castiglioni. Mwaka 2014 Mercedes-AMG wakachukua robo. Ikaja familia ya Sardarov, wakaja KTM mwaka 2022, na KTM mwishoni mwa 2024 nao wakaingia kwenye mashaka ya madeni, MV ikarudi kwa Sardarov. Yule kijana anasubiri kifaa kidogo ambacho kinakaa kiganjani. Kila akipiga simu anaambiwa kipo njiani. Kwa historia hiyo, njia ipi?

Mpwa wangu akishindwa kwa hoja hunitajia Valentino Rossi, bingwa wa pikipiki. Anasema Rossi sasa ni mtu wetu, kwa sababu mwaka 2024 aliendesha mashindano ya magari ya dunia timu moja na Ahmad Al Harthy, Muomani mwenzetu, na pale Imola wakashika nafasi ya pili katika daraja lao. Nafurahi kweli, nilipiga makofi. Ila namkumbusha jambo: Rossi huyo huyo, Mtaliano, alipanda Ducati mwaka 2011 na 2012 na hakushinda hata shindano moja. Raha aliipata alipohamia kwenye gari lenye paa, na ndani yake akamkuta mtu wa Oman.

Kwa hiyo natangaza. Msomaji yeyote wa kutoka Seeb hadi Al Khoud mwenye banda lenye kivuli, plagi inayofanya kazi na mke asiyependa wageni, aniandikie. Pikipiki nitamletea bure pamoja na waya wake wa kuchaji, na oili ya mwaka huu imeshabadilishwa. Gari la kuibebea nitalilipia mimi.