Nyenzo: Simu ya Mwalimu

Andalio la somo lina visanduku vingi kuliko nyumba za ploti yetu. Mada, mada ndogo, matokeo maalum yanayotarajiwa, maswali dadisi, umilisi wa kimsingi, maadili, masuala mtambuko, nyenzo, na chini kabisa kisanduku cha tafakari. Hapo mwalimu hutafakari jinsi kipindi kilivyokwenda. Mimi hutafakari kodi.

Nafundisha huku Kongo, mtaani Kawangware, Nairobi, katika mojawapo ya hizi shule za mabati ambazo serikali huziita APBET, yaani njia mbadala ya kutoa elimu ya msingi. Wenzetu wa Kibera wanazijua, maana kule ni nyingi kuliko za umma. Mwaka 2016 serikali ilipoanza kugawa tabuleti za darasa la kwanza, zilipelekwa shule za umma. Sisi tulizisikia redioni. Mtaala wa umilisi ulipoanza rasmi 2019, huo sasa haukutubagua: andalio ni lilelile, na kwenye nyenzo lazima uandike "vifaa vya kidijitali". Basi naandika. Vifaa vyenyewe ni simu yangu, tena kioo kimepasuka.

Utaambiwa KICD, taasisi ya kukuza mitaala, ina Kenya Education Cloud mtandaoni, masomo tele. Yapo kweli, na mengine ni mazuri. Ila video inadhani una projekta na stima isiyopotea. Mimi napakua usiku majirani wakishalala, mtandao ukipata nguvu. Nachagua dakika mbili zenye maana, zile za muziki na nembo natupa, halafu nachora mambo yenyewe ubaoni kwa ajili ya wale wa nyuma ambao hawataona kitu. Kazi hiyo haina kisanduku.

Wapo pia wanaouza maandalio yaliyokwisha kuandikwa. Unatuma M-Pesa, PDF inaingia WhatsApp. Madam mmoja tunayefundisha naye alinunua andalio moja. Likasema wanafunzi watembelee bustani ya shule watambue mimea. Bustani yetu ni mkebe wa rangi wenye sukuma wiki mlangoni mwa ofisi, na mwalimu mkuu huichuma. Madam akafuta "bustani" akaandika "soko". Watoto wakaenda kwa mama mboga, wakatambua terere, managu na kunde, wakatambua na bei. Nionyeshe video itakayoshinda hiyo.

Siku ya mzunguko wa maji, Gredi ya 4 walikuwa wamebanana kwenye simu yangu, mvuke unapanda kuwa wingu, mara ujumbe ukateremka juu ya kioo: mpendwa mteja, siku ya kulipa mkopo wako imepita. Darasa zima likausoma kwa sauti moja, kwa ufasaha, bila kuruka tarakimu hata moja. Kwenye rubriki ya kutathmini, hiyo ni kuzidisha matarajio.

"Ticha, mpendwa mteja ni wewe?" akauliza msichana wa mbele.

Nikamjibu kwamba hilo ni swali dadisi, tutalijadili kipindi kijacho.

Kwa hivyo, mnaotengeneza masomo haya, tupeni vipande vifupi vinavyopakuliwa mara moja na kucheza bila intaneti, na sauti peke yake kwa wenye simu ndogo za mulika mwizi. Nanyi wakopeshaji, kipindi changu cha mwisho huisha saa tisa na nusu. Tumeni baada ya hapo.