Kocha Anaondoka, Ulimi Ndiyo Kwanza Unazoea

Nasema hapa kwa sababu kijiweni kwetu Makurunge hakuna anayenisikiliza. Hizi timu mbili za Kariakoo, Simba na Yanga, zina tabia ya kutuletea makocha wenye majina ya kuvunja meno, halafu zinawatimua wiki ileile ambayo ulimi umeanza kuzoea. Huo ni uonevu, hasa kwetu sisi wa huku njia ya Saadani, ambao mechi tunaisikiliza redioni huku vumbi la malori ya miwa likiingia kwenye kahawa.

Mchukue Zlatko Krmpotić, Mserbia aliyekuja Yanga mwaka 2020. Jina la Zlatko tulipambana nalo. Tukachomeka irabu pale palipokosekana, likawa Zilatiko, maisha yakaendelea. Lakini Krmpotić! Konsonanti nne zimepanga foleni kabla hujakutana na irabu ya kwanza. Muuza kahawa akaja na "Kirimpoti". Kijana mmoja wa bodaboda, Simba wa kufa mtu, akamwita "Karimu Poti" kwa makusudi, na mpaka wazee wakaamini huyo bwana ni Muislamu wa Tanga. Mimi kama mwana Yanga nikaona aibu, nikawa nafanya mazoezi usiku chumbani, mke wangu akidhani nimekabwa na mwiba wa samaki. Nilipofika hatua ya kulitamka bila kurusha mate, Oktoba ya mwaka huohuo wakamfukuza, saa chache baada ya kuifunga Coastal Union 3-0. Na kwenye ligi alikuwa hajapoteza mchezo hata mmoja! Sasa mazoezi yangu nimpelekee nani?

Pale kijiweni tuna mzee mmoja aliyesomea ufundi Yugoslavia enzi za Tito. Jina la kocha likitajwa tu, anavua miwani na darasa linaanza. Anasema Waslavi, yaani Waserbia, Wakroatia, Warusi na jamaa zao, majina yao ya asili ni dua anazoombewa mtoto. Zlatko linatokana na dhahabu. Zdravko ni afya. Zoran ni alfajiri, Goran ni mtu wa mlimani, Dušan limetoka kwenye roho. Milutin na Milovan yote yana shina moja, "mil", kipenzi. Akimaliza anapuliza kahawa yake kwa madaha, utadhani ni yeye aliyewabatiza.

Mzee, dua hizo mbona zikivuka bahari zinageuka? Dhahabu tumeshaona ilivyotupwa. Zdravko Logarušić, Mkroatia tuliyemkata jina akabaki Loga, alituchapa 3-1 akiwa na Simba kwenye mechi ya Nani Mtani Jembe, Desemba 2013. Nilitegemea wangemjengea nyumba. Agosti 2014, ligi haijaanza, afya ya kibarua ikamwishia. Goran Kopunović akawapa Simba Kombe la Mapinduzi Januari 2015, na msimu ulipokwisha naye hayupo. Zoran Manojlović, yule Zoran Maki, aliingia Msimbazi, kwa haohao Simba, mwaka 2022, na kufika Septemba alfajiri ikawa imekwenda kupambazukia Misri. Huyo angalau aliondoka kwa miguu yake.

Kinachoniuma zaidi ni Micho, Milutin Sredojević. Yanga tulikuwa naye mwaka 2007, tukamtumia kama mwavuli wa kuazima, mvua ilipokata tukasahau ni wa nani. Baadaye Waganda wakampa timu ya taifa, akawafikisha AFCON ya 2017, mara ya kwanza tangu 1978. Wenzetu walipata kipenzi, sisi tulipata pancha. Wa kumtetea ninaye mmoja, Dušan Kondić, aliyekaa Jangwani, kwetu Yanga, akatupa ubingwa. Na angalieni, alipokuwa anashinda hakuna aliyelalamikia jina lake. Hata mimi.

Milovan Ćirković naomba nimpitie haraka. Tarehe 6 Mei 2012, Simba 5, Yanga 0. Hata kipa wao, Juma Kaseja, akatufunga penalti. Kocha wao ndiye huyo "kipenzi". Shemeji yangu wa Simba, aliyemuoa dada, alikuwa anatarajia mtoto kipindi hicho, na mtoto wa kiume alipozaliwa akatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba ataitwa Milovan. Mama akaacha kuchambua mchele.

"Baba, huyo Milovani ni Mkwere au Mdoe?"

"Ni Mserbia, mama."

"Na Waserbia tumeoana nao lini?"

Shemeji hakuwa na jibu. Mtoto akapewa jina la babu yake, ubwabwa ukaliwa. Lakini mpaka leo Simba ikishinda namsikia uani akimwita "Milo, lete maji", na yule mtoto anaitika kabisa! Dada naye anacheka tu. Nimenyamaza kwa ajili ya undugu.

Ndiyo maana nilifurahi Novemba 2024 Yanga walipomleta Sead Ramović, mzaliwa wa Ujerumani mwenye asili ya Bosnia. Mzee wa Yugoslavia akavua miwani: Waturuki waliitawala Bosnia karne nyingi, wakaacha misikiti na majina, na huyo Sead si mwingine ila Saidi. Nikapeleka habari kwa mama. Akasema huyo sasa ni mtu wetu, mkaribisheni chai. Ukirusha jiwe Makurunge utampiga Saidi. Kwa mara ya kwanza nikaingia kijiweni nikitamka jina la kocha kwa sauti ya juu, bila mazoezi, bila mwiba. Februari 2025 akaaga, akaenda zake Algeria.

Sasa nawaomba viongozi wa Simba na Yanga, na nawaomba kwa heshima. Mkataba wa kocha ajaye mwenye jina la aina hii uwe na kifungu kimoja tu: hafukuzwi mpaka muuza kahawa wa Makurunge aweze kulitamka jina lake lote bila kukosea. Kwa kifungu hicho Krmpotić angekuwa Jangwani mpaka leo.