Darubini ya Baba Watoto

Nyumba yetu imewahi kununiana kwa sababu ya paa, kwa sababu ya mbuzi wa mahari, hata kwa sababu ya mgebuka mmoja uliobaki chunguni. Ugomvi wa darubini uliyapita yote hayo, maana kila mtu alikuwa na hoja na hakuna aliyekuwa na pesa.

Tunakaa Kitanga, wilaya ya Kasulu, upande wa kuelekea Burundi. Shamba letu la mahindi na maharage linapakana na pori, na pori lina wenyewe. Mchana ni zamu ya nyani na tumbili. Usiku ni zamu ya nguruwe pori, ambaye huangusha bua zima, akatafuna nusu gunzi, kisha akahamia bua jingine. Mahindi yakianza kukomaa watoto hulinda mchana, wengine hukosa shule, na wanaume hulala kwenye dungu. Nyani nao wana dharau. Akiona mwanamke na mtoto wanapiga debe, anakaa juu ya kichuguu anajikuna. Akiona mwanamume ameshika kitu kirefu ndipo anaondoka, tena kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka kuwa ana shughuli kwingine.

Kitu kirefu cha kwetu ni bunduki kweli: raifoli ya zamani aina ya Mauser, mali ya marehemu baba mkwe. Mzee alifanya kazi miaka mingi na wawindaji wa kitalii katika Pori la Akiba la Moyowosi, akifuata nyayo za nyati kandokando ya ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, ile iliyoingizwa mwaka 2000 katika orodha ya kimataifa ya Ramsar, ya kwanza kutoka Tanzania. Alipofariki, silaha ilikabidhiwa polisi kama inavyotakiwa, na mume wangu akaanza kuiomba upya kwa jina lake. Njia hiyo ni ndefu: kijiji, kata, kamati ya ulinzi na usalama, alama za vidole, wilaya, mkoa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka mwombaji awe ametimiza miaka 25 na awe na ujuzi wa kutumia silaha. Haimuulizi mke wake lolote. Mimi naona hapo sheria ina tundu.

Leseni ilipotoka, Baba Watoto akawa mtu wa simu. Usiku mwanga unamulika kidevu chake, anatabasamu peke yake. Nikadhani ni mwanamke. Kuchungulia, nikakuta bomba jeusi lenye vioo.

“Mama Watoto, hii inavuta mara ishirini na nne. Nyani akiwa ng’ambo ya bonde unamhesabu kope.”

“Ukishamhesabu?”

Akageukia ukutani.

Mimi nafundisha hisabati shule ya msingi, kwa hiyo zile namba zilinivuta kuliko hata zilivyomvuta yeye. Darubini ya bunduki huandikwa kwa namna moja dunia nzima: 3-9x40, kwa mfano. Namba za mwanzo ni mara inazokuza, ya mwisho ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya upana kwa ukuzaji, unapata ukubwa wa duara la mwanga linalofika jichoni. Lile bomba la ndoto zake lilikuwa na kioo cha milimita 50, likavuta mara 24: duara la milimita 2. Mboni ya mtu jioni hufunguka milimita 5, kijana hata 7. Yaani giza likianza kuingia, saa ambayo nguruwe anatoka, bomba la bei mbaya linalinyima jicho mwanga. Ile ya kawaida, 3-9x40, ikiwekwa mara 4 inatoa duara la milimita 10, mwanga hadi wa kumwaga.

Halafu kuna upana wa kinachoonekana. Kwa mara 3, ukitazama umbali wa mita 100, unaona eneo la mita kumi na kitu. Kwa mara 24 unaona mita moja na nusu hivi. Nyani huja kundi zima. Wewe umefumba jicho moja unatazama kwapa la mmoja, wenzake wako nyuma yako wanavuna.

Nilimchorea haya yote nyuma ya daftari la mtoto. Akasema nimeichukulia darubini kama mtihani wa darasa la saba.

Ikabidi kiitwe kikao. Shemeji, mdogo wake, alikuja na msimamo wa kijeshi. Yeye alipitia Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, pale Mtabila, mahali palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi hadi ilipofungwa mwaka 2012, na tangu arudi kila jambo la ukoo analitolea amri. Alitaka kile kioo kidogo chenye nukta nyekundu. Hakikuzi chochote. Unaacha macho yote mawili wazi, unaipeleka nukta palipo na shabaha, basi. “Kwa ulinzi wa nyumbani, shemeji, ndiyo yenyewe. Mwizi hakusubiri umbali wa mita mia mbili.” Hilo alilisema sawasawa, nami nikamwambia. Lakini nukta inakula betri ya kidonge, na ukisikia mlango unavunjwa saa nane usiku ndipo utajua betri ilikufa lini.

Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho, akasema tununue mbwa wawili. Kikao kikaendelea.

Nisieleweke vibaya: habari ya ulinzi wa nyumbani huku kwetu haina mzaha. Vita vya Burundi vilivyoanza 1993 na vya Kongo vilivyoanza 1996 vilituletea majirani waliokimbia wakiwa na watoto mgongoni. Kambi ya Nyarugusu, hapa hapa Kasulu, ilifunguliwa mwaka huo wa 1996. Vita hivyo hivyo vilipenyeza pia bunduki zisizo na mwenyewe, zikaangukia mikononi mwa majambazi wa kila kabila. Ilikuwepo miaka ambayo basi la kupita Kibondo halikuondoka bila askari wenye silaha. Mama mkwe aliyaishi hayo, na ndiye aliyesema mbwa. Zamani zile, alisema, kilichookoa nyumba ni yowe: ukipiga, kijiji kizima kinatoka. Sungusungu walioanzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 walisambaa kwa sababu hiyo, kwamba mwizi anaweza kumzidi mtu mmoja mwenye silaha, lakini hawezi kuuzidi mtaa ulioamka.

Darubini ikanunuliwa. Kwa fedha gani, nilikuja kujua baadaye. Ililetwa na mtu wa mtu aliyekuwa akitoka Dar es Salaam, imefungwa ndani ya suruali. 3-9x40, nyepesi, inang’aa. Nikafurahi kwamba angalau namba zangu zilimwingia. Kumbe bei ndiyo iliyomwingia.

Ilikuwa darubini ya bunduki ya upepo, zile za kupigia ndege. Kwa nje huwezi kuitofautisha, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Kwanza, ya upepo imepangwa kuona vizuri karibu, mita kumi hadi thelathini hivi. Ya bunduki kubwa hupangwa kwa mita 90 au 100. Ukiipeleka mbali, picha inafifia, na msalaba wa kulengea unahama kila ukisogeza jicho. Pili, vishikio vyake ni vya reli ya milimita 11, na reli za raifoli za kisasa ni kama milimita 21. Mauser ya marehemu haikuwa na reli hata moja, ilitaka kutobolewa chuma. Tatu, na hili lilimkalisha Baba Watoto chini: Mauser za kale mkono wake wa kukokia husimama wima ukiufungua. Weka darubini juu ya bunduki, jaribu kukoki, mkono unagonga bomba. Waliozitengeneza hawakufikiria kioo. Fundi wa silaha anayejua kazi huukata mkono ule na kuuinamisha kabla hata ya kugusa skrubu moja.

Baba Watoto akaenda kwa mhunzi, darubini mkononi, bunduki ameiacha nyumbani angalau. Huku kwetu Buha ni nchi ya wahunzi. Chuma kilifuliwa huku kabla Mjerumani hajafika, na mafundi wa magobore hawakukosekana. Yule mzee aliitazama, akaigeuza, akamrudishia. “Jembe nitakutengenezea, panga nitakutengenezea. Silaha bila kibali siigusi, wala kishikio chake sikichongi. Wajukuu zangu bado wadogo.” Nilimheshimu sana siku ile, na nilimpelekea maharage.

Mtu mwingine angeishia hapo. Baba Watoto akatafuta mpira wa tairi la baiskeli.

Tukio lenyewe ni fupi. Usiku ule alikuwa amefunga darubini kwa mpira juu ya bunduki tupu, risasi zikiwa kwenye sanduku la chuma na ufunguo ukiwa kwangu. Alitaka, alisema, kuzoea. Akazima taa, akakaa kitandani, akaelekeza mtutu kwenye ukumbi. Mlango wa uani ukalia. Nikasikia pumzi yake inabadilika. “Nani?” Kimya. “Nani wewe?” Nyayo zikaja polepole, zikasimama. Kibatari kikawaka.

Mama mkwe. Alikuwa ametoka kumtazama kuku aliyelalia mayai, na sikio lake la kushoto halisikii vizuri. Amesimama hatua nne mbele ya mtutu wa bunduki ya mumewe, mwanawe yuko upande wa pili, jicho kwenye bomba.

Hakupiga kelele. Alisogea, akausukuma mtutu pembeni kwa kidole kimoja, akauliza:

“Mwanangu, humo ndani umeniona nina ukubwa gani?”

“Sikuona kitu, mama. Ukungu tu.”

“Basi hicho ndicho ulichokinunua kwa fedha za mbolea.”

Mimi ndiyo kwanza nikajua habari ya mbolea.

Alichosema Baba Watoto kilikuwa kweli tupu. Darubini inayokuza, hata ikiwa ndogo kabisa kwenye mara 3, ndani ya nyumba haina faida. Kwa hatua nne kila kitu ni moshi, na gizani ni moshi mweusi. Cha kumtambua mtu ndani ya nyumba ni tochi na sauti, na hata nukta nyekundu ya shemeji ingemwonyesha mahali pa kupiga bila kumwonyesha anampiga nani. Nacho kitu kinachoelekezwa pamoja na mtutu hakifai kutumika kuchungulia mtu, bunduki iwe tupu au isiwe tupu. Marehemu, kwa maelezo ya mama mkwe, aliwahi kumnyang’anya mtalii bunduki kule Moyowosi kwa kuwatazama wapagazi kupitia darubini. Mtalii huyo huyo siku ya pili alisogeza jicho karibu mno, bunduki ikaruka nyuma ikampiga, akatoka na alama ya hilali juu ya nyusi. Darubini ya raifoli inataka nafasi ya inchi tatu hadi nne kati yake na jicho. Wenye haraka huikumbuka kila wanapojitazama kwenye kioo.

Na shambani? Hata ingefungwa vizuri na fundi mwenye kibali, tungeitumia lini? Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haikuruhusu kuwinda usiku kwa kumulika tochi, na nguruwe ni wa usiku. Uwindaji unataka leseni, msimu wake huanza Julai, mahindi yetu wakati huo yako ghalani au tumboni mwa nyani. Na ukimwua mnyama kwa kujitetea unatoa taarifa, nyara ni mali ya Serikali. Shemeji alipoyasikia hayo alisema kwa sauti ya chini kwamba JKT hawakufika kwenye somo hilo.

Asubuhi mama mkwe alikata ule mpira wa baiskeli kwa kisu cha jikoni, akachukua darubini, akaenda nayo kwenye dungu. Huko, ikiwekwa mara 3, bila bunduki, inaonyesha ukingo wa pori vizuri kuliko macho yake. Nyani akishuka mtini anamwona kabla hajavuka kijito, anapuliza filimbi, watoto wanakwenda na debe upande ule ule badala ya kuzunguka shamba zima. Ameshawaona pia mbuzi wa jirani ndani ya maharage yetu, na amemtaja jirani huyo kanisani. Mbwa walikuja baadaye, watoto wawili wenye mikia ya kupinda, kwa bei ndogo mno kuliko bomba.

Kama nawe unayo raifoli ya halali na bado unataka darubini ya porini, nenda kwa fundi mwenye kibali kabla ya kwenda dukani. Uliza kama bunduki yako inapokea reli, kama mkono wa kukokia utapita, na kama kioo kimepangwa kwa mita 100. Kaa kwenye mara 2 hadi 7 au 3 hadi 9, ridhika. Kwa nyumba nunua tochi nzuri na komeo la pili, na wafundishe watu wako kujibu wakiulizwa “nani”. Kuhusu mbolea ya ruzuku ya msimu huu, nimejiandikisha mimi, na fedha ninazo mimi.