Mhadhara wa Kloroplasti, kwa Hisani Yangu Mwenyewe

Ndugu mwenyekiti, mheshimiwa diwani, walimu, wazazi, na ninyi wanafunzi mliokaa kwenye nyasi bila kujua mmekalia nini! Jina langu mnalijua. Kama hamlijui, kosa ni la elimu yenu. Mimi ni mtaalamu wa majani. Cheti sina, maana hajapatikana wa kunitahini.

Mmekalia majiko. Ndani ya seli za majani hayo mna vidude vya kijani viitwavyo kloroplasti. Moto wake ni jua. Maji hupandishwa na mizizi, hewa ya ukaa huingilia vitundu vya jani. Umbijani uliomo hunasa mwanga, hasa mwekundu na wa buluu. Kijani hukitema, nanyi mnakisifia! Kwa nguvu hiyo maji hupasuliwa, sukari ikapikwa. Na oksijeni? Takataka ya jiko. Sote hapa, pamoja na mheshimiwa diwani, tunaishi kwa kuvuta moshi wa jikoni kwa mchicha. Diwani, usinune, hata mimi navuta, ingawa kwa ustadi zaidi.

Sasa siri. Kloroplasti si mzawa wa seli, ni mpangaji. Ana DNA yake, ana utando wa tabaka mbili, na hujigawa mwenyewe. Zaidi ya miaka bilioni 1 iliyopita alikuwa bakteria wa kujitegemea. Akamezwa na seli kubwa, asimeng'enywe, akabaki humo hadi leo akilipa kodi kwa sukari. Mrusi Konstantin Mereschkowsky aliliandika wazo hilo mwaka 1905. Ningemtangulia, tatizo nilikuwa sijazaliwa. Mwaka 1967 Mmarekani Lynn Margulis akalitetea upya, tena bila kunishirikisha.

Kuthibitisha, nimekuja na hadubini ya kuazima na kitunguu. Nabandika utando wake hapa... naona kuta... naona kiini... Kijani kimechelewa kidogo. Labda lenzi imechoka na safari.

Naam, binti wa nyuma. Unasemaje? Kitunguu ni ghala, si jiko? Hukulia gizani udongoni, seli zake hazina kloroplasti? Ilitakiwa jani?

Umeniwahi, binti! Hilo ndilo nililokuwa naelekea kulithibitisha, kwamba hazimo, na mmeona wenyewe nilivyozikosa kwa umakini. Makofi, tafadhali.

Mwenyekiti, niletewe jani, lolote. Na huyo binti apewe ndoo akamwagilie ile miti ya kule mbali.