Ombi la Kupunguziwa Ufaulu

Kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania,

YAH: KIJANA WANGU KUFAULU KUPITA KIASI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi wa kijana aliyepata B tatu za PCM, Divisheni Wani. Tulichinja jogoo. Baadaye ndipo tukagundua kuwa tumekula hasara.

Mtoto wa jirani hakufikisha zile pointi 4.0 za masomo mawili mnazozitaka ili mtu aingie digrii. Tukampa pole. Kumbe mwenzetu kaenda Chuo Kikuu Huria kusoma faundesheni: anafundishwa kuandika, kutumia kompyuta, kujisomea bila mwalimu wa zamu. Akifikisha GPA ya 3.0 na masharti mengine, anaingia digrii akiwa ameiva. Wangu, kwa kosa la kufaulu, kapewa wiki moja ya utambulisho, nyingi ya siku zake zikaishia kwenye foleni ya usajili. Akakabidhiwa na kitabu cha kanuni chenye sura ndefu kuhusu sapu na kudisko. Sura hiyo, nasikia, imeandikwa vizuri sana.

Msiseme muda haukutosha. Mtihani ulikwisha Mei, chuo kikafunguliwa Novemba. Katikati hapo alikwenda JKT kwa mujibu wa sheria, akarudi anajua kwata na kutandika kitanda kikanyooka. Hayo ndiyo maandalizi pekee aliyoyapata kabla ya chuo, ingawa hosteli wanabebana wawili kitanda kimoja na shuka halitandikiki.

Mnajua wenyewe alivyofaulu. Miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, kidato cha kwanza akageuziwa kibao kwa Kiingereza. Tangu hapo ni kukariri. Mpe swali la NECTA la mwaka wowote, atakujibu hujamaliza kulisoma. Mhadhiri alipowaambia wasome sura tatu waje na hoja zao, alinipigia simu kuuliza hoja zinauzwa wapi. Nikamwambia ajaribu steshenari, si ndiko yaliko madesa?

Basi naomba apunguziwe ufaulu. Najua matokeo ni ya NECTA, lakini mwenye sifa na asiye na sifa mnamjua ninyi. Kwa hesabu zangu, B tatu zikigeuzwa E tatu anaangukia faundesheni moja kwa moja. Zikishuka zaidi ya hapo ataikosa hata hiyo, kwa hiyo karani awe mwangalifu.

Wenu,
Mzazi wa Divisheni Wani